KIINGEREZA CHA NDANI YA MCHEZO



Ukurasa huu wa lugha umezoea kusema juu ya Kifaransa tu: vitenzi, dikte, na makosa yale yale ya kila mwaka. Safari hii tunaomba ruhusa tuseme Kiingereza, na tutakianzia mahali ambapo sisi viongozi wa wanafunzi hatuendi ila kwa kuandika majina ya watoro. Ni katika chumba cha michezo ya video.

Wale waliokuwapo siku ya mashindano ya maswali wamekwisha kuanza kucheka. Kwa wengine tueleze. Kilasi cha sita, ndio sisi, tulikuwa tunashindana na kilasi cha tatu. Mwalimu wa Kiingereza akaandika ubaoni maneno manne: "Your time is up." Akatuuliza maana. Tukashauriana kama wazee wa kanisa. "Your" tuliijua, "time" tuliijua, "is" tuliijua, na "up" tuliisoma tangu kilasi cha kwanza kwamba ni juu. Tukajibu kwa sauti kubwa: "Wakati wako uko juu." Mmoja wetu akaongeza hata maelezo, ya kwamba ni namna ya kumwambia mtu kuwa siku zake za utukufu zimefika. Mwalimu akanyamaza. Ndipo kijana mmoja mdogo wa kilasi cha tatu akanyosha kidole. "Hapana, yaya. Haiko juu. Iko: wakati yako imeisha."

Mwalimu akamwuliza amelisoma wapi neno hilo. Kijana akaangalia chini, akatuangalia sisi, akasema polepole: "Kwa Mario."

Sasa sikilizeni jambo lililotuchoma. Siku mbili mbele ya mashindano, jina la kijana huyo tulikuwa tumeliandika sisi wenyewe katika daftari ya nidhamu, kwani tulimkuta katika chumba cha michezo saa ya etidi. Mashine iliyomfundisha jibu ndiyo ile tuliyomtoa mbele yake kwa kumshika kola ya shati. Na katika interogasio za Kiingereza yeye alikuwa hapiti pointi 3 juu ya 10.

Wengine walituomba tulifute jina lake. Hatukulifuta. Saa ya etidi ni saa ya etidi, na aliyetoroka ametoroka, hata akirudi na Kiingereza mfukoni. Alifyeka majani kando ya ua kama wenzake. Lakini adhabu ilipokwisha tulikaa naye chini ya mwembe, tukafungua daftari nyingine, na sisi wa kilasi cha sita tukaandika yale aliyotuambia. Kwa saa moja tulijaza kurasa nne. Ndizo tunazowaletea, zikiwa zimesahihishwa na Mwalimu.

Tena kuna jambo. Tulipoyasoma maneno hayo katika kilasi cha nne, dada mmoja alisimama akasema: "Sasa Kiingereza kitakuwa cha bavulana? Sisi hatuingiake mule." Ni kweli. Binti akionekana katika chumba kile, nyumbani ni maneno ya wiki nzima. Njo maana tumeandika somo hili kwa namna ambayo hata yule asiyeshika maneti siku moja ataelewa kila neno. Tusingependa dada zetu wapoteze pointi za Exetat kwa sababu ya mlango wasioruhusiwa kupita.

Kwanza mjue kuna nini mule. Kuna mbao za kukalia, kuna televisheni mbili, betri ya pano ya jua, na mwenye chumba anayepokea franka 200 kwa mchezo. Mashine ni za zamani. Ile kubwa ni PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000 na kuacha kutengenezwa mwaka 2013, baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 150 katika dunia. Ile ndogo ni mashine ya Kichina inayoiga Nintendo ya miaka ya 1980, pamoja na kaseti yake iliyoandikwa "9999999 in 1". Msiamini. Michezo yenyewe haifiki hata mia, inajirudia tu kwa majina mengine. Lakini ndani yake kuna Mario, kuna vifaru vya Battle City, kuna askari wa Contra. Na wengi wenu, wasichana pia, mmekwisha kushika ile michezo midogo ya mkononi ya matofali yanayoanguka, iliyoiga Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984. Pale pia kuna Kiingereza: "LEVEL", "SPEED", "PAUSE", "GAME OVER". Tuliyaangalia maneno haya miaka mingi kama vile mtu anavyoangalia alama ya sabuni.

Je, kwa nini kijana wa pointi 3 alijua na sisi wa pointi 8 hatukujua? Mwalimu alitueleza, na tunaona ana haki. Sisi tulijifunza neno kwa neno, upande huu Kiingereza, upande huu Kifaransa au Kiswahili. Kijana alijifunza neno pamoja na jambo linalotokea. Katika Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, juu ya kioo kuna hesabu ya wakati inayorudi nyuma. Ikiingia chini ya 100, muziki unaanza kukimbia. Ikifika sifuri, Mario anakufa na maneno "TIME UP" yanatokea. Yeye alikufa mara nyingi sana mbele ya maneno hayo. Hawezi tena kuamini kwamba maana yake ni juu.

Basi tuanze na hiyo "up", kwa kuwa ndiyo iliyotuaibisha. Katika Kiingereza neno hili dogo mara nyingi linasema kwamba jambo limefika mwisho wake kabisa. "Eat" ni kula. "Eat up" ni kula mpaka sahani ibaki nyeupe. "Use" ni kutumia. "Use up" ni kutumia mpaka kumaliza, sawa vile sabuni ya mwezi inavyoisha siku ya kumi na tano. "Give" ni kutoa, lakini "give up" ni kukata tamaa, kuacha kupigana. Na msimamizi wa mtihani akisema "Time is up", weka kalamu chini.

Kuna mchezo wa mwaka 1986 unaoitwa Bubble Bobble. Ukikawia sana bila kumaliza kazi, kioo kinaandika "HURRY UP!!" na mara moja anatokea adui asiyeweza kuuawa. Maana yake ni harakisha, na hapa "up" inasukuma tu, kama mama anayekupiga kiganja mgongoni ili utoke nyumbani mbele ya kengele. Halafu iko "The game is up". Watu wanaichanganya na "Game over". Hii ya kwanza inasemwa kwa mtu ambaye ujanja wake umejulikana. Sisi tukiingia katika chumba cha michezo na daftari yetu, wale walio mule wanaweza kuambiana "The game is up" na wakawa wamesema Kiingereza safi kabisa.

Neno la pili ni "left". Katika michezo mingi utasoma au utasikia "one life left". Tulijaribu kwa kilasi cha pili, na karibu wote waliandika: maisha moja upande wa kushoto. Kumbe "left" ya kushoto na "left" hii zinafanana sura tu, kama mapacha wa mama wawili. Hii inatoka katika "leave", kuacha, na maana yake ni kilichobaki. "How much money is left?" Pesa ngapi imebaki? "There is nothing left in the pot." Sufuria haina kitu tena. Sentensi hizi ni za kila siku, za jikoni na sokoni, na yeye anayefikiri kushoto hatafika mahali.

Katika Contra, mbele ya kila hatua, kioo kinaandika "REST" pamoja na namba. Kijana wetu alituambia ni saa ambapo askari anapumzika. Hapa alikosa, na tunaandika ili msifikiri anajua yote. "Rest" kweli ni kupumzika, lakini pia ni kile kinachosalia, na hapa Kifaransa chenu cha "reste" kinawasaidia. Namba ile ni maisha yaliyosalia. "The rest of the class" ni wengine wote wa kilasi. Tena muangalie: "life" moja, "lives" nyingi, kwa f inayogeuka v. Ni hivyo hivyo kwa "wife" na "wives", kwa "knife" na "knives". Mchungaji wa shule alipoona mfano huu alituomba tuandike kwamba mwanadamu hana "extra life" ya kununua kwa franka 200. Tumeandika.

Sasa tuje kwenye mitego ya Kifaransa, maana huku ndiko tunakoanguka sana. Sisi tunaingia Kiingereza kwa kupita mlango wa Kifaransa, na mlango ule una ngazi iliyovunjika.

Michezo mingine ya zamani inaonyesha maneno "INSERT COIN". Wenzetu wengi wanafikiri "coin" ya Kifaransa, pembe ya nyumba, na wanatafsiri: ingiza pembe. "Coin" ya Kiingereza ni pesa ya chuma. Mashine za kwanza zilisimama katika mabaa na maduka, na zilikula pesa. Space Invaders, iliyotolewa na Taito kule Japani mwaka 1978, ilichezwa kwa sarafu ya yeni 100. Sisi hapa hatuna tena franka ya chuma, tunampa mwenye chumba karatasi mkononi, basi neno halituonyeshi kitu. Lakini lijueni, kwani lina watoto. "The other side of the coin" ni upande wa pili wa jambo, ule usiosemwa kwanza. Na "to coin a word" ni kutunga neno jipya, kama vile kulipiga chapa. Pembe ya nyumba ni "corner", na hiyo mnaijua tangu utoto kwa sababu ya kona ya mpira.

Mtego wa pili ni "stage". Kaseti ya Battle City, mchezo wa mwaka 1985, inafunga kioo chote kwa rangi ya kijivu na kuandika "STAGE 1". Wenzetu wa pedagojia wanapiga moyo. Kwao "stage" ni kwenda kusimama mbele ya watoto wa shule ya msingi na fishi ya somo mkononi, na mwalimu mkuu amekaa nyuma. Katika Kiingereza hiyo inaitwa "teaching practice". "Stage" ni hatua, na pia ni jukwaa. "At this stage" ni kwa hatua hii tuliyofikia. "Stage fright" ni ule woga wa jukwaani uliompata mwenzetu mmoja siku ya wazazi, akasahau hata jina lake. Hatumtaji.

Juu ya "save" tutakaa kidogo, kwa sababu wanafunzi wa shule ya Kiprotestanti wanalijua neno hili bila kujua kwamba wanalijua. Katika kanisa "save" ni kuokoa. Katika PlayStation 2 ni kuweka mahali ulipofika, katika ile kadi ndogo ya memori, ili kesho usianze upya. Katika mpira wa mashine, mtangazaji akisema "What a save!", golikipa amezuia bao. Na katika duka "to save money" ni kuweka akiba. Tulimwuliza Mwalimu kama hayo ni maneno manne. Akasema hapana, ni wazo moja: kukitoa kitu katika hatari ya kupotea. Roho, mchezo, bao, pesa. Tangu aliposema vile hatujasahau.

Lakini angalieni swali linalokuja nyuma yake. Mashine inauliza: "Are you sure you want to quit?" Kijana wetu alisoma "quit" kama "quiet". Akafikiri anaambiwa anyamaze, akabonyeza "Yes", na shampiona nzima aliyoicheza kwa wiki mbili ikapotea. Alilia, anasema. "Quit" ni kuacha, kutoka. "Quiet" ni kimya. "Quite" ni kabisa, au kwa kiasi. Barua ni karibu zile zile na nafasi zake tu zimebadilika, nasi tunawaomba mziandike mara kumi kila moja, kwa maana hata katika kilasi cha sita tunazikosea.

Kwa "LOADING" hatuna haja ya kioo. Simama kando ya barabara kuu ya Kamanyola, ile inayotoka Bukavu kwenda Uvira, uangalie lori linapopakiwa simenti. "They are loading the lorry." Mashine nayo inapakia mchezo katika kumbukumbu yake kabla ya kuondoka, na wewe unangoja sawa vile abiria anavyongoja juu ya magunia. Mzigo wenyewe ni "load". Ukisikia mtu anasema "That is a load off my mind", ametuliwa mzigo wa moyo: labda matokeo yametoka na amepita.

Wengine watauliza: Kiingereza cha nini hapa, ambapo tuna Kifaransa cha shule na Kiswahili cha kila mtu? Tutajibu kwa kifupi. Ng'ambo ya Ruzizi, kule Bugarama, wanafunzi wanasoma kwa Kiingereza kufuatana na uamuzi wa serikali ya Rwanda wa mwaka 2008. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mkataba wa Jumuiya ile wa mwaka 1999 uliandika Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili lugha ya kuelewana. Kile cha pili tunacho. Cha kwanza tunakitafuta.

Turudi. Kuna maneno yaliyotoka katika mchezo na kuingia katika mazungumzo ya watu, hata ya wale wasiocheza. "Game over" mnalisema wote, "gemova", kwa simu iliyozimika, kwa urafiki uliovunjika. Kiingereza pia kinalisema hivyo, ila msiliandike katika insha: ni la mdomoni. "Boss" hapa kwetu ni patro, mwenye kulipa. Katika mchezo ni adui mkubwa anayefunga njia mwisho wa hatua, na "final boss" ni yule wa mwisho kuliko wote. Vijana wa Kiingereza wanaliita hivyo jambo gumu kuliko yote yaliyotangulia. Sisi wa kilasi cha sita tuna final boss wetu, na kila siku tunahesabu majuma.

"Cheat" ni kudanganya, kuiba katika mtihani. "Cheat code" ni ufunguo wa siri unaoingizwa kwa vidole ili mchezo uwe rahisi. Ule unaojulikana sana ni wa kampuni ya Konami: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Aliutunga Kazuhisa Hashimoto alipokuwa anatengeneza mchezo wa Gradius kwa Nintendo, mwaka 1986. Mchezo ulimshinda yeye mwenyewe wakati wa kuujaribu, akajitengenezea njia, na njia ile ikabaki ndani. Katika Contra ufunguo huo unampa mtu maisha 30. Tumeulizwa na wadogo kama kuna cheat code ya Exetat. Wanaoiuza huwa wapo kila mwaka, na kila mwaka kuna waliolipa na kukosa.

Msemo tunaoupenda kuliko yote unatoka tena kwa Mario. Ukimaliza ngome ya kwanza, umemshinda adui, umechoka, mtumishi mmoja mdogo anakuambia kwamba asante, lakini binti mfalme wetu yuko katika ngome nyingine: "our princess is in another castle". Ngome saba unaambiwa vile vile. Ni katika ya nane tu unamkuta. Watu wa Kiingereza wanausema msemo huu kwa kucheka, wakati wamefanya kazi yote na kile walichokitafuta hakipo. Mmoja wetu alifuata karatasi ya kuzaliwa katika ofisi fulani. Akatumwa ofisi ya pili, ya pili ikamtuma ya tatu, ya tatu ikamrudisha ya kwanza. Aliporudi shuleni jioni tulimwuliza, "Umeipata?" Akajibu tu, "Another castle." Ndiyo siku tulipojua kwamba msemo umekwisha kuwa wetu.

Hata hivyo tunawaonya: kioo si kamusi. Michezo hii mingi iliandikwa na Wajapani ambao walikuwa wanajifunza Kiingereza kama sisi. Katika mchezo wa mieleka wa Nintendo, Pro Wrestling, ukishinda unasoma "A winner is you". Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Inatakiwa "You are the winner", kwa sababu Kiingereza kinaanza na yule anayesemwa. Iliyojulikana zaidi ni ya Zero Wing, katika mashine ya Sega Mega Drive mwanzoni mwa miaka ya 1990. Adui anajivuna: "All your base are belong to us." Miaka karibu kumi baadaye sentensi hii ilizunguka dunia nzima kama kichekesho. Makosa ni mawili makubwa. "Base" ni moja lakini kitenzi "are" ni cha wengi. Tena "are" na "belong" haziwezi kukaa pamoja katika kiti kimoja. Sahihi ni "All your bases belong to us". Tunasema haya bila dharau. Mtu aliyeandika vile alisikiwa na dunia yote, na sisi tunaogopa kufungua kinywa katika kilasi cha watu 50.

Neno "base" sisi watu wa Kamanyola tunalijua. Askari wa MONUSCO waliotoka Pakistani walikuwa na kambi yao hapa, na Kiingereza chao kilisikika mpaka tarehe 28 Februari 2024, siku kambi ilipokabidhiwa polisi wa Kongo. Kwa Kiingereza: "The base was handed over to the police." "Hand over" ni kutia kitu katika mkono wa mwingine. Kijana wetu alilijua hilo pia, kwa kuwa katika chumba cha michezo aliyeshindwa anaambiwa atoe maneti, "Hand over!" Neno ni lile lile kwa maneti na kwa kambi nzima. Mwalimu anaongeza kwamba ni heri kusema "Hand it over", kwa adabu kidogo.

Tumalizie na neno lililoandikwa si katika kioo, bali mgongoni mwa mashine. Mwalimu aliigeuza ile mashine akatuonyesha: "MADE IN CHINA". Akaandika ubaoni maneno matatu tuliyokuwa tunayachanganya. "Made in" inasema mahali ilipotengenezwa. "Made of" inasema kitu kinachoonekana bado: "made of plastic". "Made from" inasema kitu kilichogeuzwa mpaka hakijulikani tena, kama mkate kutoka unga. Kisha akatuuliza swali la "made from". Tukajibu plastiki, chuma, kioo. Akasema, na mawe yenu? Vyombo vya elektroniki vinatumia tantali, nayo inatoka katika koltani, na koltani inachimbwa hapa Kivu. Mwaka 2000, mwaka ule PlayStation 2 ilipotoka, bei ya tantali ilipanda ghafla sokoni mwa dunia. Hapa kwetu ilikuwa katikati ya vita, na watu wengi waliacha jembe la shamba wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na wengine hawakurudi tena shambani. Kilasi kilinyamaza. Mgongoni mwa mashine jina la Kivu halimo. Mwalimu hakusema zaidi, aliandika tu "It is partly made from..." akaacha nafasi tupu, na akatuomba tuinakili hivyo.

Sasa kazi yenu. Mtafsiri kwa Kiswahili, si neno kwa neno: "Hurry up, there are only five minutes left." "She saved enough money for her school fees and did not give up." "At this stage, the rest of us must be quiet." "He handed over the notebook. The game was up." Wanafunzi wa kilasi cha tano na cha sita waongeze sentensi mbili za kwao zenye "made of" na "made from".

Michezo miwili ya matofali iko katika kabati la Mwalimu wa Kiingereza, kwa ajili ya wasichana na wavulana sawasawa, Jumamosi baada ya kazi za mikono, kwa saa moja. Karatasi mumpe kiongozi wa kilasi chenu mbele ya Ijumaa saa sita. Atakayesahihisha pamoja na Mwalimu ni yule kijana wa kilasi cha tatu, na sisi wa kilasi cha sita tutaandika kama wengine.